Daktari Atiman wa Karema: Namwamini Mungu, Kanisa la Nini?



Kuna swali moja ambalo hapa Mtowisa naulizwa kuliko maswali mengine yote. Halitoki kwa watu wasiomjua Mungu. Linatoka kwa vijana waliobatizwa, waliopata Komunyo ya kwanza na Kipaimara, wengine waliwahi kuwa watumikiaji altareni. Wanasema Mungu wanamwamini kabisa. Wanasali chumbani, wanafunga, wanasikiliza mahubiri kwenye simu usiku wa manane. Ila Kanisa hawaoni kazi yake. Jumuiya ya nini? Zaka ya nini? Kwa nini mtu akifa, kabla ya kuulizwa alivyoishi, aulizwe kwanza kama alikuwa anahudhuria jumuiya?

Swali hili ni zito na silidharau. Yaani linatenganisha vitu viwili: dini iliyopangwa, yenye maaskofu, parokia, sakramenti, kalenda, madaftari na michango, na maisha ya kiroho ya mtu binafsi, kile kinachotokea kati yangu na Mungu wakati hakuna anayeniona. Kijana anasema cha pili kinamtosha, cha kwanza ni mzigo tu.

Ningeweza kukujibu kwa kanuni za Katekisimu, na wewe ungesinzia. Badala yake nataka nikusimulie maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi wetu tumelitamka tukiwa na mgonjwa wa kumpeleka Sumbawanga mjini. Si unaijua Hospitali ya Dk. Atiman? Hata Dar es Salaam kuna jengo la Atiman House, nyumba ya Wamisionari wa Afrika. Jina liko ukutani, lakini ukiuliza Atiman alikuwa nani, wengi watakuambia pengine ni mzungu mmoja wa zamani.

Hakuwa mzungu. Alikuwa Mwafrika, mlei, mwenye mke na mtoto, na aliwahi kuwa mtumwa.

Mtoto aliyeibwa

Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Wakamvusha jangwa la Sahara kuelekea kaskazini, mpaka kusini mwa Algeria. Hebu fikiria mtoto wa darasa la pili au la tatu akipelekwa hivyo, kila siku mbali zaidi na sauti ya mama yake.

Huko Algeria walikuwepo Mapadre Weupe, ndio hao Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Moja ya kazi zao ilikuwa kuwakomboa watoto waliouzwa. Walitoa fedha, wakamchukua Atiman kutoka mikononi mwa mwenye kumuuza.

Simama kidogo hapa. Dini iliyopangwa inaingia katika maisha ya Atiman ikiwa na fedha mkononi. Haikuingia kama hisia au kama ndoto. Iliingia kwa sababu kuna watu Ulaya walichanga, kuna mtu alihesabu michango hiyo, kuna shirika lililokuwa na nyumba katika jangwa lile, na kuna padre aliyetumwa akae pale. Wakristo wangapi wa Ufaransa wa wakati ule walikuwa na moyo mzuri, wanasali vizuri chumbani, na wanamhurumia mtumwa wa Afrika? Bila shaka wengi. Lakini huruma ya mmoja mmoja, kila mtu chumbani kwake, haivuki Sahara. Ili ivuke, lazima watu wakubaliane, wapange, watumane, waandike daftari. Mambo hayo hayo yanayotuchosha.

Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya, Paris, London, Brussels na mingineyo, akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa katika Afrika. Mwaka uliofuata serikali za mataifa zilianza mkutano Brussels kuhusu jambo hilo. Sala ya mtu mmoja ni kubwa mbele za Mungu, sikatai. Lakini sala iliyopata mikono na miguu ilifika hata mezani kwa wafalme.

Kununuliwa si kuamini

Sasa, kijana mwenye akili atanibana hapa, na ana haki. Atauliza: huyo mtoto alikuwa na uchaguzi gani? Amenunuliwa, amelishwa, amevishwa, amefundishwa na waliomnunua. Angesemaje kwamba haamini? Je, huko si kuhama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa bwana mwingine?

Sitaki kulikwepa hili. Wamisionari wa karne ya 19 walikuwa watu wa zama zao. Waliamua mambo mengi juu ya maisha ya watoto hawa bila kuwauliza. Lavigerie alikuwa na mpango wake: baadhi ya vijana Waafrika waliokombolewa wasome udaktari, kisha warudi katika Afrika kama madaktari makatekista. Mwaka 1881 alifungua chuo kwa ajili yao katika kisiwa cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao. Alisoma huko mpaka 1888. Kisha akatumwa, si Timbuktu kwao, bali upande mwingine kabisa wa bara hili, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa watu ambao lugha yao hakuijua hata neno moja.

Kwa hiyo, ndiyo, taasisi ilikuwa na nguvu kubwa juu yake. Lakini tazama mpaka wa nguvu hiyo. Kanisa liliweza kumkomboa. Liliweza kumfundisha kusoma na kutibu. Liliweza kumpa jina la Adrian na kuliandika katika kitabu cha ubatizo. Halikuweza kuamini kwa niaba yake. Hilo hakuna papa, hakuna askofu, hakuna paroko wala mwenyekiti wa jumuiya anayeweza kukufanyia.

Na Lavigerie mwenyewe alilijua hilo. Aliweka sheria kwamba mtu mzima anayetaka ubatizo asibatizwe mbio mbio, bali apitie miaka 4 ya maandalizi, kwanza kama mwombaji, kisha kama mkatekumeni. Miaka 4! Sisi semina ya ndoa ya wiki chache tunalalamika. Maana ya sheria ile ilikuwa hii: Kanisa linaweza kukufikisha mlangoni, lakini lazima lisubiri mtu mwenyewe aingie kwa miguu yake.

Je, Atiman aliingia kwa miguu yake? Tutajuaje? Moyo wa mtu hauonekani. Mimi naona njia moja tu ya haki: tutazame alichofanya pale ambapo hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Karema

Alifika Karema mwaka 1889, akiwa na miaka kama 23, pamoja na msafara wa wamisionari kutoka pwani. Karema wengi mnaisikia leo kwa ajili ya bandari yake mpya, huko Mkoa wa Katavi. Zamani palikuwa na ngome ya Wabelgiji, iliyojengwa kuanzia mwaka 1879, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ukitoka hapa bondeni Mtowisa, unapanda milima kwenda Ufipa juu, unauvuka uwanda wote, unashuka tena upande wa pili kwenye ziwa lingine. Ni mbali, lakini ni kwetu. Jimbo letu la Sumbawanga mizizi yake iko Karema. Imani yetu ya Ufipa na Rukwa ilipandishwa kutoka kule ziwani.

Nataka ujue alifika wakati gani. Askofu Bridoux, aliyewekwa kusimamia misheni hizi za Tanganyika mwaka 1888, alifariki Kibanga mwezi Oktoba 1890. Muda mfupi tu. Homa ilikuwa inaua wamisionari na wenyeji bila kuchagua. Ndui ilikuwepo, funza walikuwepo, na baadaye malale yakasumbua sana mwambao wa ziwa. Kumbuka pia kwamba mwaka ule wa 1889 hakuna mtu duniani aliyekuwa amethibitisha kwamba malaria inaletwa na mbu. Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, wakati Atiman ameshakaa Karema miaka 8. Sisi watu wa bonde la Rukwa tunaowajua mbu kwa majina, tunaweza kuelewa ni kazi ya namna gani hiyo. Penisilini ilikuja kutumika miaka ya 1940, Atiman akiwa mzee tayari. Sehemu kubwa ya maisha yake alitibu akiwa na vifaa vichache, dawa chache, na imani.

Mwaka huo huo wa 1889 alioa. Mke wake aliitwa Agnes, binti wa eneo hilo. Wakapata mtoto wa kiume, Joseph, ambaye baadaye alipata daraja takatifu ya upadre. Mtoto aliyeibwa kando ya Niger akawa baba wa padre kando ya Tanganyika.

Sasa twende kwenye lile swali. Atiman hakuwa padre. Hakuwa bruda. Hakuweka nadhiri ya utii wala ya ufukara. Alikuwa mlei mwenye familia na mwenye ujuzi ambao katika nchi nzima wakati ule ungeweza kuhesabu wenye nao kwa vidole. Wajerumani walikuja wakatawala. Vita Kuu ya 1914 ikaja mpaka kwenye ziwa. Waingereza wakaja. Mtu mwenye kujua kutibu, mwenye kujua lugha za Ulaya, angeweza kutafuta mshahara mzuri mjini, serikalini, popote. Na kama imani yake ilikuwa ni deni tu la kukombolewa, basi baada ya miaka 5, 10, 20 ya kazi angesema jamani nimelipa, sasa niacheni.

Hakuondoka. Alikaa Karema tangu 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956. Piga hesabu: miaka 67. Maaskofu walikuja wakapita. Lechaptois aliongoza vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 mpaka alipofariki mwaka 1917. Akaja Birraux, akaondoka 1936. Wakaja wengine. Atiman yupo. Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilipiga marufuku utumwa kwa sheria katika Tanganyika. Atiman, mtumwa wa zamani, alikuwa ameshatibu watu pale miaka 33.

Woga unaweza kumshika mtu mwaka mmoja. Shukrani inaweza kumshika miaka 10. Lakini miaka 67? Hapo lazima pawe na kitu ndani ambacho hakikutoka kwenye barua ya askofu.

Mkono mmoja dawa, mkono mmoja katekisimu

Cheo chake kilikuwa daktari katekista. Maneno mawili, mtu mmoja. Na hapa ndipo naona jibu la swali letu.

Mgonjwa haji kwa ratiba ya parokia. Mama anashikwa na uchungu saa 8 usiku. Mvuvi anajeruhiwa ziwani jioni. Hakuna sheria ya Kanisa inayoweza kukuambia umtazame mgonjwa kwa upole saa ile ya usiku wakati umechoka. Sheria inaweza kusema tibu. Haiwezi kukupa moyo wa kutibu. Huo ndio uwanja wa mtu na Mungu wake. Ukiwa mkavu ndani, utaonekana tu, hata uwe na vyeti vya Malta.

Lakini upande wa pili, huyo huyo Atiman alikuwa anafundisha dini. Sala zilizopangwa, zile zile za kukariri, kwa watoto na watu wazima. Na misheni ya Karema ilikuwa na kengele yake, Misa yake, sikukuu zake. Haya yote ni dini iliyopangwa, kwa kila maana ya neno. Yeye hakuyaona kama adui wa moyo wake. Katikati ya hayo ndipo alipoishi miaka yote ile.

Kwa nini? Nilipokuwa nasoma falsafa tulikaa muda mrefu na Mtakatifu Thoma wa Akwino kuhusu mwanadamu. Anafundisha kwamba mtu si roho iliyokaa ndani ya mwili kama dereva ndani ya basi. Dereva akishuka anabaki dereva. Mtu siyo hivyo. Mtu ni mwili na roho pamoja, kitu kimoja. Ukimpenda mama yako, upendo huo unahitaji mikono, unahitaji nauli ya kwenda kumwona, unahitaji kupiga simu. Ukisema unampenda sana moyoni lakini miaka 10 hujampigia wala kufika, sisi Wafipa na watu wa bonde tutakuuliza hicho kinachoitwa kupenda ni kitu gani.

Imani nayo ni hivyo. Inatafuta mwili. Na mwili wowote una mifupa, na mifupa ni migumu. Ratiba, jumuiya, michango, kanuni, hiyo ni mifupa. Mtu wa mifupa mitupu ni maiti. Lakini mtu asiye na mfupa hata mmoja hawezi kusimama, achilia mbali kumbeba mgonjwa.

Hata mababu zetu wasingeelewa wazo la kila mtu na Mungu wake. Walimjua Leza kama Muumba, na mambo ya ibada yalikuwa ya ukoo na ya kijiji. Mvua ikikosekana, haikukosekana kwa shamba la mtu mmoja. Huu utamaduni wa kusali peke yako na simu, ukafunga mlango, ukamaliza, ni mgeni kwetu, na kwenye Injili nao ni mgeni. Yesu alikwenda mlimani kusali peke yake, ndiyo, tena usiku kucha. Lakini alishuka. Aliwaita 12 na akawatuma wawili wawili.

Kwa walioumizwa

Najua kuna anayesoma hapa ambaye hajaacha Kanisa kwa uvivu. Aliumizwa. Alifokewa mbele za watu kwa ajili ya mchango. Alimzika mzazi wake kwa aibu. Alimwona kiongozi anayesoma somo vizuri Jumapili na anayedhulumu watu Jumatatu. Kwako wewe sitasema vumilia tu halafu basi.

Nasema hivi. Daftari la mahudhurio halijawahi kumwokoa mtu yeyote. Nasema kama mtu anayejiandaa kuwa padre: sisi tunaolitumikia Kanisa tukianza kuhesabu vichwa na kusahau mioyo, tumeigeuza ngome ya Karema kuwa ngome tena, wakati ilikwisha kuwa misheni. Mtu asiyehudhuria jumuiya kwanza atembelewe. Huenda anaumwa. Huenda anaona aibu hana cha kuchangia. Jumuiya ilianzishwa ili mtu asipotee, haikuanzishwa ili apatikane na kosa.

Kanisa pia halifundishi kwamba Mungu amefungwa ndani ya sakramenti zake kama ndege kwenye tundu. Limefundisha wazi, hata katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba mtu asiyelijua Kanisa bila kosa lake, anayemtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yake, naye anaweza kupata wokovu. Kwa hiyo sikutishii moto. Mungu anaweza kukufikia chumbani kwako. Swali langu ni lingine: wewe utawafikiaje wengine ukiwa umejifungia humo?

Fikiria tena yule mtoto jangwani. Kama Wakristo wote wa wakati ule wangeridhika na uhusiano wao binafsi na Mungu, wangekuwa watu wazuri, wenye amani rohoni. Na Atiman angeuzwa kwa mtu mwingine, jina lake lisingejulikana, na watu wa Karema wangekosa daktari kwa miaka 67. Kuna mtu ambaye bado hujamjua, ambaye wokovu wake unapita kwenye kitu kinachochosha kama kikao cha jumuiya, mchango wa elfu moja, au semina ya VIWAWA yenye mwalimu asiyejua kuchekesha.

Na wewe uliyeumizwa, tafadhali, usituachie Kanisa sisi wenye madaftari peke yetu. Tunahitaji watu wanaojua inavyouma.

Mwisho wa safari

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za maisha ya Atiman kama alivyozieleza mwenyewe. Alikuwa na miaka kama 80. Hakusahau alikotoka. Alitunukiwa heshima na Kanisa na pia na serikali, lakini hakuhamia mjini kuzifurahia. Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na miaka kama 90, mahali pale pale alipotumwa akiwa kijana. Miaka 2 baadaye, mwaka 1958, jimbo la Karema lilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Charles Msakila. Mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Mzee hakuyaona hayo, lakini alikuwa ameyatangulia: alikuwa Mwafrika huru, msomi, baba wa familia, mtumishi wa Kanisa, kabla watu hawajazoea kuona mambo hayo yote kwa mtu mmoja.

Kanisa bado halijamtangaza mtakatifu, na mimi siyo wa kumtangaza. Lakini kila nikifikiria hoja ya dini dhidi ya moyo, namwona yeye na mikono yake miwili. Mkono mmoja dawa, mkono mmoja katekisimu. Ungemkata mkono upi?

Fanya hivi wiki hii

Kama wewe ni mtu wa sala za peke yako, usiziache. Ziongeze. Ila chagua siku moja uende jumuiyani, na usiende kusikiliza nani kasema nini. Nenda umtafute aliyekaa pembeni kama wewe, umsalimie.

Kama wewe ni mtu wa jumuiya, kwaya, kamati na michango, ambaye hukosi hata mara moja, tafuta dakika 15 kwa siku ambazo hakuna atakayekuona wala kuziandika. Kaa na Mungu bila daftari. Utajua haraka kama kuna kitu ndani au ni mazoea tu.

Na kama wewe ni kiongozi, chukua jina moja la mtu ambaye hajaonekana muda mrefu. Mtembelee. Usimwulize kuhusu mchango.

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulimtoa mtumishi wako Adrian Atiman katika utumwa kwa mikono ya Kanisa lako, ukamweka huru kwa neema yako ndani ya moyo wake. Utujalie sisi vijana wa Ufipa na wa bonde la Rukwa tusiwe na Kanisa lisilo na moyo, wala moyo usio na mikono. Uwaponye walioumizwa na watu wako. Uwarudishe waliokaa mbali, na utufundishe sisi tuliobaki kuwapokea vizuri. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mama Maria, Malkia wa Afrika, utuombee.

Ukikutana na kijana anayeuliza swali lile la mwanzo, msimulie habari za Atiman. Mungu awabariki.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, Mtowisa